Wakili akikosea aseme, akificha mkulima hupoteza kihamba

Wenye kesi kutoka Kibosho, Machame na Marangu wanayajua vizuri maneno haya: "Kesi imeahirishwa." "Jaji yuko likizo." "Jalada halijaonekana." "Njoo baada ya Pasaka." Mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli, kwani kesi huahirishwa na majaji nao huenda likizo. Ubaya huanza pale yanapotumiwa kufunika kosa lililokwisha kutendeka.

Chukua mfano wa mkulima wa kahawa aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mjini Moshi, katika mgogoro wa mpaka wa kihamba. Sheria inampa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Anauza ng'ombe, anamlipa wakili, na kila mwezi anateremka mjini kuulizia. Kumbe siku 45 zilipita bila rufaa kuwasilishwa, na wakili akaona haya kusema. Miaka miwili baadaye anafika dalali wa mahakama, mkononi ana amri ya kumwondoa mkulima katika ardhi walikozikwa babu na bibi yake.

Mfanyabiashara wa mitumba pale Kiboriloni naye hayuko salama. Akishtakiwa kwa deni katika mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, kwa kawaida anatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu apewe hati ya madai. Wakili asipoupeleka, hukumu inaweza kutolewa upande mmoja, na mfanyabiashara akazinduka siku duka linapofungwa.

Katika mifano hiyo kuna makosa mawili, na ni vyema yatenganishwe. La kwanza ni uzembe wa kupitisha siku. La pili ni kumficha mteja. Watu wengi hulalamikia lile la kwanza, lakini hili la pili ndilo linalomaliza. Mteja akiambiwa mapema kwamba siku zimepita, bado ana nafasi ya kuomba kuongezewa muda, kutafuta wakili mwingine, au kupatana na mwenzake kabla ya dalali kufika. Akifichwa, kila mwezi unaopita unampunguzia nafasi hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba mahakama itamhurumia mteja kwa sababu kosa ni la wakili. Haiko hivyo. Mwaka 1983, katika shauri la kampuni ya Calico Textile Industries, ilielezwa bayana kwamba wakili kushindwa kuangalia sheria inasema nini si sababu ya kutosha ya kuruhusu rufaa iliyochelewa. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi, ikasema kuwa mtu aliyeweka wakili ana wajibu wa kufuatilia kesi yake kwa karibu. Anayemtupia wakili kesi kisha akakaa kimya hawezi kuja kulalamika kwamba hakujua. Ni maneno makali kwa mkulima anayeishi mbali na mji, lakini ndiyo msimamo, na ni afadhali ayajue leo kuliko siku ya dalali.

Je, mteja aliyeumizwa anaweza kumshtaki wakili wake wa zamani? Anaweza. Wakili akipokea kazi na malipo, kunakuwa na mkataba kati yake na mteja, na juu ya mkataba huo upo wajibu wa kufanya kazi kwa uangalifu wa mtu mwenye taaluma. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya kuvunja mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na madai ya uzembe ambayo hayatokani na mkataba ndani ya miaka 3.

Hapo ndipo mficha kosa angeweza kunufaika, kwani akimpiga mteja chenga miaka ya kutosha, madai nayo yangekufa. Watunga sheria waliliona hilo. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinasema kwamba pale haki ya kudai ilipofichwa kwa udanganyifu wa mdaiwa, siku hazianzi kuhesabiwa mpaka mdai agundue udanganyifu huo, au mpaka wakati ambao angeweza kuugundua kwa bidii ya kawaida. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kifungu hiki ni ngao ya mtu aliyeulizia akadanganywa. Aliyelala hakimsaidii.

Mdai huyo ana mzigo mwingine. Haitoshi kuonyesha kwamba wakili alichelewa. Inabidi aonyeshe pia kwamba rufaa iliyopotea ilikuwa na nafasi ya kufaulu, na kwamba kwa kuipoteza amepata hasara fulani. Ni kama kesi mbili ndani ya moja. Mkulima ambaye rufaa yake isingefika popote anaweza kuthibitisha uzembe na bado akarudi nyumbani bila fidia ya maana.

Mawakili nao wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Wanasema kila anayeshindwa kesi humlaumu wakili, na kwamba milango ya madai ikifunguliwa ovyo hakuna atakayethubutu kupokea kesi ngumu ya mtu maskini. Hoja hiyo ilikwishajibiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika shauri la Champion Motor Spares la Kenya, lililoripotiwa mwaka 1969, ilielezwa kuwa wakili hawajibiki kwa kosa la kawaida la maamuzi wala kwa kutojua jambo la sheria lililojificha, bali kwa uzembe mkubwa au kwa kutojua mambo ya msingi yanayojitokeza kila siku kazini. Kuhesabu siku za rufaa ni jambo la kila siku. Nchini Uingereza, ambako sheria nyingi za Tanzania zilichipukia, mawakili wanaosimama mahakamani walikingwa wasishtakiwe kwa uzembe wao mle ndani. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya huko iliiondoa kinga hiyo, na kazi ya uwakili haikufa.

Moshi yenyewe ina mfano mwema wa kale. Wameru walipoondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, na mwaka 1952 alisimama huko akiwa na Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi zake Moshi. Ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo, habari ya kushindwa haikufichwa, na baadaye wawili hao waliandika pamoja kitabu juu ya kesi hiyo. Wakili anaweza kushindwa na bado akabaki na heshima yake, mradi mteja wake anajua kilichotokea.

Kwa hiyo, lawama zielekezwe zaidi kwenye kuficha. Kamati ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ina uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha, au kuliondoa jina lake katika orodha ya mawakili. Inapopima adhabu, inafaa ione tofauti kubwa kati ya aliyekosea akasema wiki ile ile na aliyekosea akadanganya miaka miwili. Wa kwanza apewe nafasi ya kurekebisha. Wa pili asihesabiwe kuwa alipitiwa, maana kila alipotunga tarehe ya uongo alijua anachofanya.

Bima nayo ina nafasi yake. Uingereza, mawakili wanaoshika majalada na fedha za wateja hulazimika kuwa na bima ya makosa ya kazi. Faida yake haiishii kwenye fidia ya mteja. Wakili anayejua kwamba kosa lake halitamfilisi hana sababu kubwa ya kulificha. Chama cha Mawakili Tanganyika kingefanya jambo la busara kulisimamia hilo kwa kila mwanachama, hata yule mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Mkulima na mfanyabiashara nao wana la kufanya kabla mambo hayajaharibika. Kwanza, wahakikishe aliyeketi mbele yao ni wakili wa kweli mwenye leseni ya mwaka huo, wala si kishoka. Mahakama ina mfumo wa mtandao wa kuwatambua mawakili, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsaidia mzee kuangalia. Pili, malipo yawe na risiti na makubaliano yaandikwe. Tatu, wadai namba ya shauri na nakala ya stakabadhi ya ada ya mahakama. Rufaa isiyo na namba ni maneno tu. Nne, wakishapata namba hiyo waende wenyewe masjala kuulizia, na waandike daftarini tarehe waliyokwenda na jibu walilopewa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kesi ni vivyo hivyo. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha bidii ambayo kifungu cha 26 kinaitaka.

Kisingizio cha lugha nacho kimepungua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, ingawa Kiingereza bado huruhusiwa panapohitajika. Mteja ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoijua jalada lake limefikia wapi. Asiye na fedha anaweza kutafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Hapo Moshi, shirika la KWIECO limewasaidia wanawake kwa miaka mingi katika mambo ya mirathi na ardhi.

Kahawa ikikosa mvua, mkulima hungoja msimu mwingine. Kihamba kilichokwenda kwa hukumu ambayo mwenyewe hakuambiwa hakina msimu mwingine wa kungoja. Wakili aliyepitisha siku na amwite mteja wake leo, amweleze ukweli, wakati bado kuna la kuokoa.