Kuogopesha dereva haiko kumulinda

Kila mara ajali kubwa inatokea ku barabara, mazungumzo inakuwa ile ile. Picha za maiti zinazunguka ku WhatsApp, kiongozi anatoa komunike ya rambirambi, kisha sisi vijana tunaanza kuandika: "Madereva wetu hawaogope kifo. Waweke pano kubwa za umeme ku barabara, waandike hesabu ya wafu, labda watapunguza mwendo."

Wazo hilo linaonekana kuwa la akili. Lakini kuna mahali walilijaribu miaka mingi, na leo tunajua lilizaa nini. Tuzungumze juu yake sasa, mbele mutu fulani wa serikali hajakuja kutuuzia pano kama dawa.

Mahali hapo ni Texas, Marekani. Huko barabara kubwa za mwendo wa kasi ziko na pano za umeme 880, zile zenye maandishi ya taa zenye dereva anasoma akiwa anapita. Kazi yao ya kila siku ni kumuambia dereva kama mbele kuna ajali, kama njia imefungwa, kama itamuomba dakika ngapi kufika. Kuanzia mwezi wa 8 mwaka 2012, wakubwa wa barabara wakaongeza kitu kingine. Juma moja kila mwezi, pano zikawa zinaonyesha hesabu ya watu wenye walikufa ku barabara za Texas tangu mwaka uanze. Ilikuwa juma lenye kutangulia mukutano wa kila mwezi wa tume ya usafiri ya Texas. Majuma mengine, pano zilirudia kazi yao ya kawaida.

Watafiti wawili, Jonathan Hall na Joshua Madsen, wakaona kama ratiba hiyo ni jaribio lenye lilijipanga lenyewe. Barabara ni ile ile, saa ni ile ile. Tofauti ni juma lenye hesabu ya wafu na majuma yenye haina. Wakapima ajali za kuanzia 2010 mpaka 2017, na mwezi wa 4 mwaka 2022 wakatangaza matokeo ku gazeti Science. Ku juma la hesabu ya wafu, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4,5 ku kilometre 10 zenye kufuata pano. Kwa hesabu yao, ku Texas peke yake hiyo ni ajali 2600 za ziada na vifo 16 vya ziada kila mwaka.

Soma tena polepole. Pano zenye zilikuwa za kuokoa watu zilichangia kuua watu.

Juu ya nini? Fikiria dereva mwenye kuendesha kilometre 100 kwa saa. Kila segonde anakata karibu metre 28. Ku dakika 6 amemaliza zile kilometre 10. Katika dakika hizo kichwa chake kiko na kazi mingi: gari la mbele linafrena, kamio inatoka upande wa kushoto, kioo kinapaswa kuangaliwa. Saa ile ile unamutupia hesabu ya maiti. Macho yanabakia ku barabara, lakini akili inaondoka kidogo. Na ku mwendo ule, kuondoka kidogo kunatosha.

Watafiti walikuta alama zenye zinaonyesha jambo hilo. Ajali zenye ziliongezeka zilikuwa za magari mengi kugongana, ile aina yenye kuzaliwa na makosa madogo madogo ya usukani. Hesabu ikiwa kubwa zaidi, ubaya ulizidi. Mwezi wa 1, wakati pano zingali zinaonyesha jumla ya mwaka uliopita, njo ubaya ulikuwa mukubwa. Mwezi wa 2, hesabu ikianza upya ikiwa ndogo, ubaya ulipungua. Tena ubaya ulikuwa mwingi pale barabara yenyewe ni ya kuchanganya, pale dereva anahitaji akili yake yote.

Basi, tuache ile wimbo ya "dereva hajali". Kama hangejali, hesabu haingemuvuruga. Dereva wa Texas aliogopa, na woga ulimukuta mikono iko ku usukani, bila kitu kipya cha kufanya. Pano ilimuambia watu wanakufa. Haikumuambia punguza mpaka ngapi, hama upande gani, hatari iko mbele kwa metre ngapi.

Sasa angalia pano zingine. Ku M25, barabara kubwa yenye kuzunguka London, tangu 1995 kuna sehemu zenye pano za umeme zinaonyesha kiasi cha mwendo, na kiasi hicho kinabadilika kulingana na wingi wa magari. Namba yenye iko ndani ya duara nyekundu ni sheria, na kamera ziko pale pale zinaangalia. Namba hiyo haiogopeshe mutu. Inamupa dereva jambo moja la kufanya, hapa, sasa hivi, na anajua kama kuna mwenye kuangalia. Kusudi ni magari yote yatembee mwendo mumoja, ile simama-tembea ipungue.

Wengine watasema: hizo ni habari za wazungu, sisi hata taa za makutano ya njia hatuna. Kweli. Lakini sisi pia tuko na pano zetu, na zinafanya kazi kuliko zile 880.

Nani kati yetu hajaona majani ku barabara? Iwe kati ya Lubumbashi na Likasi, iwe ku njia ya Bukavu kwenda Uvira, ni ile ile. Kamio inaharibika, boi-chofa anaingia porini, anakata matawi, anayapanga ku lami metre kidogo mbele ya kamio. Hakuna mutu alimufundisha dereva ku shule maana ya majani. Akiyaona, anatoa muguu ku mafuta. Hata yule mwenye kiburi kupita wote anapunguza.

Tena kuna ile ya taa. Unakutana na gari, linakuwakishia taa za mbele mara mbili. Ku Goma, ku Kolwezi, ku Kisangani, kila mutu anaelewa: mbele kuna kitu, labda polisi wa rulaji, labda ng'ombe, labda ajali. Dereva anapunguza papo hapo.

Majani na taa ziko na mambo matatu yenye pano ya wafu haina. Ya kwanza, hatari iko karibu: haiko "mwaka huu ku jimbo lote", iko kwa metre chache tu. Ya pili, dereva anajua afanye nini. Ya tatu, ni kweli: mwenye kuweka majani iko pale, na kamio yake iko pale.

Hii ya tatu njo yenye tunaharibu sisi wenyewe. Kamio inatengenezwa, inaondoka, majani yanabakia. Mwenye kupita nyuma anapunguza, haone kitu. Mara ya pili, haone kitu. Mara ya tatu anapita juu ya majani na mwendo wake wote, na siku hiyo kamio iko pale. Ugonjwa huo unashika hata pano za umeme za mamilioni. Pano yenye kuonyesha msongamano wa jana inafundisha dereva asiamini pano ya kesho. Tena majani hayang'ae usiku, na kamio nyingi zinaharibika usiku. Tunayasifu majani juu ya namna yanasema. Haimaanishe kama yanatosha.

Ku Kinshasa pia tulijaribu kitu. Mwaka 2013, Thérèse Izay Kirongozi, injenia Mukongomani, pamoja na wenzake wa shirika Wotech, waliweka roboti za rulaji ku makutano ya njia, na 2015 wakaongeza zingine tatu. Zilitengenezwa na aluminiumu, zinatumia nguvu ya jua, ziko na mikono, taa, na kamera ya kutuma picha. Dunia yote iliandika juu yao. Kwa dereva, ujumbe wao ulikuwa mwepesi: simama, pita. Na roboti haiombe franka ya maji. Hiyo peke yake ilikuwa sababu ya kuiheshimu! Lakini roboti haikimbize mutu. Picha ya mwenye kuvunja sheria ikifika ku ofisi na hakuna mutu wa kuifuata, dereva anajifunza haraka kama ile mukono ya chuma ni mapambo. Chombo kinafaa tu kama kuna watu nyuma yake wenye kufanya kazi.

Juu ya nini sisi vijana tuko tunaandika juu ya pano, na shida ziko mingi hivi? Juu Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabara zinaua watu karibu milioni 1,19 kila mwaka ku dunia, na kwa watu wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinaua kupita hizo. Miaka 5 mpaka 29, hiyo ni sisi na wadogo zetu. Ni motari mwenye diplome ya chuo kikuu yenye haikumupatia kazi. Ni dada mwenye kupanda juu ya magunia ku kamio juu hana pesa ya gari lingine.

Kuna mutu atauliza: basi hesabu ya wafu ifichwe? Hapana, hata kidogo. Hesabu iandikwe, kubwa, kila mwezi. Shida ni nani anaonyeshwa. Mutu mwenye kushika usukani ku mutelemuko, mikono yake imejaa. Mutu mwenye kushika kalamu ya bajeti amekaa ku kiti, mikono iko huru, na yeye njo iko na uwezo wa kubadilisha ile mutelemuko. Texas walionyesha hesabu kwa madereva juma moja mbele ya mukutano wa wakubwa. Ingefaa wabandike hesabu hiyo ku meza ya mukutano wenyewe.

Njo maana tunaomba hivi.

Kwa Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali (CNPR) na wizara za usafiri za majimbo: kila mwezi mutangaze hesabu ya ajali, mahali kwa mahali. "Ku kilometre fulani, mara ngapi, juu ya nini." Hesabu ya jimbo lote bila mahali haisaidie mutu yeyote kutengeneza kitu.

Kwa FONER: kila litre ya mafuta na kila peaji inawaletea pesa ya kutunza barabara. Tunaomba kuona rangi ya mistari, vibao vyenye kung'aa usiku mbele ya kila kona mbaya, na kazi ya kuondoa kamio zenye kuharibika. Kibao kiseme jambo la kufanya: "Mutelemuko kilometre 3, tumia vitesi vidogo." "Jihadhari, kifo kiko mbele" haitoshe.

Kwa gavana yeyote mwenye atakuja na kontra ya pano za umeme: mbele ya kukata utepe, tuambie nani atabadilisha maandishi kila saa, na umeme gani, na nani atalipwa kwa kazi hiyo mwaka wa tatu. Kama hakuna jibu, pano itakuwa nyumba ya ndege.

Na kwa sisi wenyewe, wenzetu. Tuache kutuma picha za maiti ku magroupe yenye madereva wako ndani. Telefone inalia, chofa anafungua akiwa anaendesha, na hapo tumefanya kazi ya pano ya Texas. Ukiona ajali, andika kama vile majani yanaandika: mahali, upande, cha kufanya. "Kamio imeanguka mbele ya daraja, upande wa kuume, piteni polepole." Aandike mwenye kukaa, asiandike mwenye kuendesha. Kamio ikiondoka, ondoa majani, na ku groupe andika kama njia imefunguka. Na ukiwa ndani ya gari, usinyamaze ju ya haya: "Papa chofa, tunakuomba, punguza kidogo." Akikasirika, wengine wote ndani wakuunge mukono.

Mwisho, tuko na kazi kwa kila mutu mwenye kusoma. Chagua mahali pamoja pa hatari ku barabara yenye unajua: kona, daraja, soko, mulango wa shule. Tuandikie jina la mahali, na maneno yasiyopita sita yenye yangepaswa kuwa ku kibao pale. Maneno ya kumuambia dereva afanye nini. Tutaunganisha orodha, mji kwa mji, na tutaipeleka ku ofisi za wenye kushika kalamu. Wao njo tunataka waone hesabu ya wafu, na wakose usingizi juu yake.