Jani la Kipushi na Jani la Ubaoni

Katika madarasa mengi ya mwanzo ya shule zetu za Katanga, somo la viungo vya mmea huanzia ubaoni na kuishia ubaoni: mwalimu huchora kwa chaki shina lililonyooka, mizizi mitatu chini yake, majani mawili kila upande na ua juu, watoto wakanakili na kukariri majina kwa sauti moja, na juma la pili wakaulizwa majina yale yale, ilhali nyuma ya ukuta wa darasa mna mhogo na lengalenga ambazo hakuna aliyetoka kwenda kuzitazama. Sikusudii kuwalaumu walimu, kwani tangu ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mtu aliyepewa chaki bila kitabu atafanya nini ila kuchora? Ninaloteta nalo ni utaratibu wenyewe, wa kutanguliza jina na kuiacha kazi ya kiungo ije baadaye au isije kabisa. Mtoto mdogo huitambua kazi ya kiungo pale kinapoondolewa, akaona mmea umesibiwa na nini, na hapa Kipushi kuondoa viungo vya mimea ndiyo maisha yetu ya kila siku.

Tutazame mhogo. Hakuna mtoto wa hapa asiyepata kutumwa kuchuma sombe, yaani majani yake ya mboga, na aghalabu amekanywa asiuache mti mtupu. Akiuliza sababu, jibu ndilo somo lote la jani: kwamba jani hupokea mwanga wa jua na hewa, likatumia maji yaliyopandishwa na mizizi, likatengeneza chakula ambacho mti huteremsha na kukiweka akiba chini ya ardhi, kwa hiyo mti unaochumwa mno hutoa mihogo myembamba, na sombe na bukari (ugali) ya mhogo, zinazopatana vizuri sana mezani, huwa zinashindana shambani.

Kadhalika rangi. Shule hufunguliwa Septemba, majira ambayo miombo, kabla hata tone la kwanza la mvua halijaanguka, huchipua majani machanga yenye wekundu wa shaba. Mtoto aliyeona msitu mzima umewaka hivyo njiani huingia darasani akaambiwa kwamba jani ni kijani, akaandika kijani ili apate alama. Mwalimu mwenye busara angemwuliza badala yake: maji ya kuchipulia majani haya yametoka wapi, maadamu mvua haijanyesha miezi mingi? Hapo mzizi unaokwenda chini sana, na shina linalohifadhi maji, vingejieleza vyenyewe. Na wachoma makala wanajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kisiki kilichoachiwa mizizi yake huchipua tena. Bali mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote utabaki na majani yake kwa muda, kwa kuwa maji hupanda kupitia ndani ya mbao, kisha utakufa, kwa kuwa chakula cha mizizi hushuka kupitia gome.

Lakini somo linalonishughulisha zaidi ni la chikanda. Watoto huila sokoni, vipande vilivyokatwa kama keki, vyenye karanga na pilipili, na wachache mno wamepata kuambiwa kwamba imesagwa kutokana na viazi vidogo vya maua ya okidi yanayomea katika mabonde ya nyasi. Kiazi kile ndicho ghala la mmea: majani hukauka wakati wa kiangazi, na kilichomo chini ndicho kitakachochipua mvua zikirudi. Anayekichimba hakuchuma tunda, amechukua mmea pamoja na mwaka wake ujao. Biashara hii imepita mipaka ya Kongo na Zambia, hata ikafika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na kuzinusuru okidi na wachimbaji ilikuwa miongoni mwa sababu za kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa mwaka 2005. Simwambii mtu aache chikanda, nami mwenyewe naipenda; nasema tu kwamba mtoto anayeila ana haki ya kujua kile kiazi kilikuwa na kazi gani kabla ya kufika kinywani mwake.

Tena mji wetu una jambo lake. Mgodi wa Kipushi ulianza kuchimbwa mwaka 1924, ukasimama 1993, ukarudi kazini 2024, na mchanga uliosalia baada ya kutolewa zinki na shaba umelala pale pale wanapopita watu. Mzizi hunywa maji pamoja na yaliyoyeyuka ndani yake, na madini ni miongoni mwa hayo. Ipo mimea iliyozoea, mathalan Haumaniastrum katangense, ambayo humea katika ardhi yenye shaba ya kuua mimea mingine, hata watafutaji wa madini wakaifanya dalili. Lakini mboga zetu si za jamii hiyo. Kuosha mboga huondoa vumbi lililotua juu ya jani, hakuondoi kilichopandishwa na mzizi. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Wako watakaosema habari hizi ni nzito kwa mtoto wa miaka saba. Mtoto huyo ndiye anayetumwa kumwagilia bustani, na ni heri ajue bustani hiyo imekaa wapi.

Haya yote hayahitaji maabara wala fedha, na yanasemeka kwa Kiswahili, ambacho katiba ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Yanahitaji mkaguzi wa namna nyingine. Afikapo darasani, asifungue daftari kutafuta mchoro uliopakwa rangi vizuri. Bali amkabidhi mtoto kipande cha shina la mhogo na kipande cha mzizi wake, amwulize kipi apande na kipi ale, na kwa sababu gani.