Githeri ya Nyeri Haina Kiburi, Ni Presha Tu

Wasee, ukitaja presha hapa Nyeri, watu hufikiria ugonjwa wa shosho ama karo ya shule. Lakini kuna presha nyingine inayokula gesi yako kila siku na huijui: presha ya hewa.

Hewa ina uzito. Ile iliyo juu yetu inatukandamiza usiku na mchana, hata kama hatuisikii. Mtu wa Mombasa amebebeshwa mzigo mzima. Sisi wa Nyeri tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo sehemu ya mzigo tumeiacha chini. Presha yetu ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa.

Sasa ingia jikoni. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia. Hewa ikipungua, kazi inakuwa rahisi. Mombasa maji yanachemka kwa digrii 100, Nyeri karibu 94, na kule Point Lenana, mita 4,985, karibu 83. Yanatokota na kupiga kelele vilevile, lakini joto lake si moja. Ndiyo maana githeri inakaa jikoni hadi unakasirika.

Maoni yangu ni haya: somo la presha lingeanzia kwa sufuria. Darasani tulikariri kwamba presha ni nguvu gawanya kwa eneo, tukapiga hesabu za matofali, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto. Unageuza tu maji kuwa mvuke, na pesa zako zinaufuata. Punguza moto, funika sufuria. Na maharagwe yaloweke usiku kucha.

Presha kuka nayo inafanya ujanja mmoja tu: inafungia mvuke ndani, presha inapanda, na maji yanapita digrii 110. Hapo hata mahindi makavu yanasalimu amri. Lakini usilazimishe kifuniko kabla mvuke haujaisha. Presha iliyofungiwa haina urafiki na uso wa mtu.

Na hii si hadithi ya jikoni peke yake. Kila wikendi ninaona vijana wakipita Naro Moru na Chogoria kwenda mlimani, wote wakitaka picha ya Lenana haraka. Kule juu, kila pumzi inakupa oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Kichwa kikikugonga na uanze kutapika, shuka. Kushuka si aibu, manze. Picha itangoja, mapafu hayangoji.

Kwa hivyo ukisikia mtu akilaumu maharagwe ya soko fulani kwamba ni magumu, muulize kwanza: umesimama mita ngapi?