Filamu Imekwisha Kulijibu Swali Lako

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha mtihani wa majaribio wa shule niliyofundisha. Swali lilikuwa la kawaida: fafanua sifa za mhusika mkuu katika tamthilia teule ya mwaka ule. Mtahiniwa mmoja aliandika kwamba mhusika huyo alikuwa mnene, mwenye sauti nzito, tena mpenda miwani myeusi. Karatasi iliyofuata ilikuwa na miwani ile ile. Ya tano pia. Nilikifungua kitabu nikaitafuta miwani hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Haikuwemo. Kesho yake nilimwita mmoja wao nikamuuliza, "Hii miwani uliisoma wapi?" Akainamisha kichwa. "Mwalimu, tuliiona kwenye video."

Sikumkaripia. Video za vitabu teule zimeenea kote. Vikundi vya waigizaji huzuru shule zetu na kuigiza vitabu hivyo, na baadhi ya maigizo hurekodiwa. Wakati wa likizo mwanafunzi huyatazama kwenye simu ya mzazi, saa mbili zikaisha, naye akaamini amemaliza kitabu. Kwa mtu mwenye masomo mengine sita au saba ya kudurusu, ninaelewa kishawishi hicho.

Hata hivyo, nina maoni yangu, na ningependa uyapime kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Filamu inayotokana na kitabu ni jibu la mtu mwingine. Mwelekezaji alisoma kitabu, akajiuliza huyu mhusika ni mtu wa namna gani, tukio lipi lina uzito, lipi liachwe, kisha akatuonyesha majibu yake. Hayo ndiyo maswali ambayo mtahini atakuuliza wewe. Ukianza na filamu, unaingia mtihanini na majibu ya mtu ambaye hakusajiliwa kufanya mtihani huo.

Tutazame mfano mmoja wa filamu nzuri, maana sitaki udhani kwamba ninazilaumu filamu duni peke yake. Adam Shafi, mwandishi kutoka Zanzibar, alichapisha riwaya ya Vuta N'kuvute mwaka wa 1999. Mwaka wa 2021, Amil Shivji, mwelekezaji wa filamu kutoka Tanzania, aliitoa filamu yenye jina hilo hilo, na ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto kule Kanada. Hadithi inatupeleka Zanzibar ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, ameozwa mwanamume aliyemzidi umri mno, naye anaikimbia ndoa hiyo. Denge ni kijana anayepigania uhuru. Wawili hao wanapendana mahali ambapo rangi ya mtu na siasa yake vinaweza kumponza.

Filamu hiyo ina mambo ambayo riwaya haiwezi kuyafanya. Unaziona kuta na vichochoro vya Mji Mkongwe, unausikia muziki wa taarabu, na mwigizaji anaweza kunyamaza tu nawe ukaelewa. Lakini filamu ina takriban saa moja na nusu, ilhali riwaya ina muda wote inaoutaka. Riwaya inamfuata Yasmin kwa miaka, kati ya Mombasa na Unguja, inamwonyesha akitengwa na jamaa zake, akihifadhiwa na rafiki yake Mwajuma, akikosea na kuanza upya. Filamu imeyapunguza mengi ya hayo ili penzi la Denge na Yasmin lishike usukani. Mwelekezaji hakukosea, kwa sababu asingeweza kuvibeba vyote. Lakini sasa fikiria umeulizwa: "Jadili jinsi mwandishi alivyomkuza Yasmin." Anayeijua filamu pekee atamwona Yasmin mpenzi. Aliyesoma riwaya atamwona binti anayekomaa hatua kwa hatua, na ana hoja za kujaza jibu lake bila kurudia neno.

Jambo la pili linalopotea ni lugha yenyewe, na hapa ndipo watahiniwa wengi wanapoanguka. Chukua sentensi hii niliyoitunga mwenyewe: "Mwenye duka alimkaribisha mdaiwa wake kama paka amkaribishavyo panya." Katika filamu tutamwona mwenye duka akitabasamu na kuvuta kiti. Basi. Kwenye ukurasa, sentensi hiyo moja inakupa tashbihi. Inakupa kinaya, kwa maana ukarimu huo ni mtego. Inakupa sifa ya mhusika, kwamba ni mnafiki. Tena inakudokezea yatakayompata mdaiwa. Hizo ni hoja nne zilizojificha katika maneno tisa. Mtahini akikuomba utambue mbinu za lugha katika dondoo, anakuuliza juu ya maneno ya mwandishi. Kamera haina tashbihi ya kukuonyesha. Ina uso wa mwigizaji.

Nisije nikaonekana mzee anayechukia skrini. Tamthilia iliandikwa iigizwe, na ni kweli kwamba wanafunzi wengi huyaruka maelezo ya jukwaani wakidhani ni mapambo. Ukimwona mwigizaji akisita mlangoni kabla ya kuingia, ndipo unapong'amua kwa nini mwandishi aliyaweka maneno hayo kwenye mabano. Video nzuri hukusaidia pia kuzisikia sauti, kukumbuka nani ni mwana wa nani, na kutofautisha kejeli na maneno ya dhati.

Lakini hata hapo, jihadhari. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Yona ni mlevi na mkewe Sara ni mgonjwa. Kikundi kimoja kinaweza kumwigiza Yona kama kichekesho ili wanafunzi ukumbini wavunjike mbavu. Kingine kinaweza kumwigiza kama mtu aliyelemewa na maneno ya jamii, anayezamisha uchungu wake katika pombe. Maneno anayoyatamka ni yale yale. Je, Yona alaumiwe, ahurumiwe, au yote mawili? Uamuzi huo ni wako, na unauthibitisha kwa kurejelea kitabu. Ukishacheka naye kwenye video kabla ya kumsoma, itakuwa vigumu kumwona kwa jicho jingine.

Kwa hiyo sikuambii usitazame. Ninakuambia utazame mwisho. Soma kitabu kwanza, chote, hata kama itakuchukua wiki tatu. Kisha tazama filamu ukiwa na kalamu na daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza andika kila kitu ulichokiona kwenye filamu lakini hukukisoma. Katika ya pili andika kila kitu ulichokisoma lakini filamu imekiacha. Halafu jiulize mbele ya kila tofauti: kwa nini? Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hili kwa miaka mingi, na mjadala wake huwa mkali kuliko wa somo lolote jingine ninalofundisha.

Waliowatangulia walitahiniwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Humo mna Mwalimu Majisifu, aliyejipatia sifa kwa mswada alioiba kwa kijana Amani. Huwa ninamkumbuka ninapokutana na jibu lililotoka moja kwa moja kwenye video. Mtahiniwa hajaiba chochote kwa kukusudia, lakini anasimama mbele ya msahihishaji na kazi ya mwingine mkononi, na swali dogo tu la dondoo linatosha kumuumbua.

Nimalizie na yule kijana wa miwani. Nilimpa nakala yangu ya tamthilia aende nayo likizo. Muhula ulipofunguliwa alikuja ofisini kabla hata ya kupeleka sanduku bwenini. "Mwalimu," akasema, "yule mwigizaji alimfanya mkali tu. Kitabuni anaogopa. Kila anapofoka, kuna kitu anachokiogopa." Akanifungulia kurasa tatu alizozitia alama kwa penseli. Nilikuwa nimeifundisha tamthilia ile kwa miaka miwili, na hoja hiyo ilikuwa imenipita.

Hakuna video iliyompa hoja ile. Aliitoa kwenye ukurasa, peke yake, na nilipoisoma tena katika insha yake sikusita kuituza alama zote.