Ng'ombe Hali Ahadi

Msimu huu nilipanda ngwara, wengine huiita fiwi, palizi ya kwanza ya mahindi ikiwa imeshapita. Nilimaliza mahindi kwanza, kisha nikangoja mbegu. Mvua ilipokata Mei, ngwara ilikuwa imefika magotini tu, haijatanda. Septemba nikawa nanunua mabua ya jirani kwa mkokoteni ili ng'ombe wale.

Wenzetu wa juu, Lushoto, wana unafuu: ukungu wa kipupwe huwaachia nyasi za Guatemala kwenye kingo za matuta. Sisi wa Mnazi tuko chini ya mlima, kwenye joto na mkonge, na upande wa tambarare kuna Hifadhi ya Mkomazi. Hatuna pa kuhamia. Tutalisha tulichopanda.

Ndiyo maana nasema malisho ni zao, yasipewe zamu ya mwisho. Ngwara ipandwe katikati ya mistari ya mahindi wakati wa palizi ya kwanza. Mahindi yakivunwa, ngwara huendelea kutambaa kwa unyevu uliobaki. Mabingobingo nayo yakae kando ya mifereji.

Na wanaogawa mbegu walete Februari. Mbegu inayofika mvua ikiaga ni chakula cha kuku. Na bila malisho ng'ombe hufa: mwanzoni mwa 2022 ukame uliwaua kwa maelfu kule Simanjiro; tuliona, tukasikitika, tukasahau.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu limezoea. La ng'ombe wangu halijazoea.