Kinu cha Mtoni na Mikono ya Mama Zetu



Sisi tuliolelewa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, tunaijua sauti iliyofuata adhana ya alfajiri: mchi ukidunda kinuni. Makopa ya muhogo yalitwangwa na kuchekechwa kabla ya jua kupanda. Kule juu, kwenye uwanda wa Ufipa, ulezi ulisagwa juu ya jiwe, mama akiwa amepiga magoti. Leo mashine ya kusaga ipo, nasi tunaelekea kusahau gharama waliyolipa mama zetu kwa mikono yao.

Mzigo huo uliingia hata katika nyumba tukufu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bibi Fatima (r.a.) aliumia mikono kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha (r.a.). Usiku Mtume (s.a.w.) akawaendea yeye na Sayyidna Ali (r.a.), akawafundisha kwamba wanapokwenda kulala walete tasbihi na tahmidi mara 33 kila moja, na takbira mara 34, hayo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Wapo wanaume wanaoishika hadithi hii ili kumtwika mke kila kazi. Wanasahau kwamba mafunzo hayo walipewa wote wawili, mke na mume. Tena Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia ahali zake.

Wala kupunguza mzigo si kupungukiwa na subira. Waislamu waliotangulia waliyatumikisha maji. Huko Kordoba, Andalusia, kando ya mto walioupa jina Al-Wadi al-Kabir, yaani Mto Mkubwa, walisaga nafaka kwa nguvu ya mkondo. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alieleza kwamba chini ya daraja palikuwa na bwawa lenye nyumba tatu za kusagia, kila moja ikiwa na vinu vinne. Maji yalisukuma gurudumu, gurudumu likazungusha jiwe la juu, la chini likatulia, na nafaka ikasagika katikati yake. Hadi leo mabaki ya vinu vya kale yanaonekana karibu na daraja hilo.

Afrika Mashariki nayo haikukosa elimu hiyo. Katika nyanda za juu za kati nchini Kenya, kabla ya uhuru, wakulima Wakikuyu walijenga vinu vya maji kwenye mito inayoshuka kwa kasi kutoka milimani, wakasaga mahindi yao na ya majirani.

Lakini kila kinu huja na mtihani wake, nao ni kipimo. Mwenye kinu wa zamani aghalabu alichukua ujira wake kutoka katika unga wenyewe. Wa leo hupokea fedha kwa debe au kwa kilo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twasema haba na haba pia hukipunguza. Surat al-Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo, na konzi moja ya unga wa mjane haiwi ndogo mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mtihani wa pili uko majumbani mwetu. Mashine imeupumzisha mchi, lakini ni nani anayebeba debe kichwani na kungoja foleni hadi magharibi? Mara nyingi ni binti, huku daftari lake likimsubiri na kaka yake akicheza mpira. Wepesi ulioletwa na mashine haujamfikia.

Basi tuanze na nyumba zetu: kaka naye abebe debe. Kisha jamaa za misikiti tukumbuke kwamba katika miji mingi ya Kiislamu vinu viliwekwa wakfu, mapato yake yakahudumia misikiti na madrasa. Mashine moja ya wakfu, yenye mizani ya haki, ni sadaka inayoendelea.

Wabillahi tawfiq.