Alingoja Miaka Kumi na Miwili



Binti akirudi na ripoti ya shule akiwa wa pili, wengi wetu huuliza kwanza: "Nani amekuwa wa kwanza?" Mwezi huu tumtazame Brenda Villa wa Marekani, binti wa wahamiaji kutoka Mexico.

Alikulia Commerce, mji mdogo wa California, akapenda polo ya majini. Katika mchezo huo kila timu huwa na wachezaji saba, nao huelea na kuogelea muda wote bila kukanyaga chini. Shuleni kwake hapakuwa na timu ya wasichana, basi akacheza na wavulana.

Wanawake waliingizwa katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000. Timu yake ilifungwa na Australia 4-3 katika fainali, ikiwa imebaki kama sekunde moja tu. Mwaka 2004 wakapata shaba. Mwaka 2008 wakafungwa tena fainali, 9-8, na Uholanzi. Hatimaye mwaka 2012, huko London, akiwa na miaka 32, waliifunga Hispania 8-5 na kuvaa dhahabu.

Je, kama baada ya Sydney angeambiwa, "Basi, acha"?

Mtume Paulo alifananisha maisha ya imani na mbio, akafurahi kwamba ameumaliza mwendo. Kwa hiyo binti akileta ripoti, tumkumbatie kwanza, tumsikilize, tuombe naye. Aliyemshinda tusimtaje.